Jinsi ya Kuitafsiri "Run" bila Kukimbilia "Kukimbia"

Anayejifunza Kiingereza hukutana na neno "run" katika wiki za mwanzo kabisa, akaambiwa kwamba maana yake ni kukimbia, na kwa miaka mingi huamini kwamba suala hilo limekwisha. Siku anapopewa kutafsiri maelekezo ya jokofu, tangazo la nyumba ya kupangisha na habari ya uchaguzi, ndipo anapogundua kwamba neno hilo limo katika kurasa zote tatu na hakuna hata mtu mmoja anayekimbia.

Katika toleo la pili la Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", lenye maana 430. Wahariri walipoanza kuandaa toleo la tatu, "run" ililipita kwa maana 645 za kitenzi peke yake, na mhariri Peter Gilliver alitumia zaidi ya miezi tisa kuzichambua. Idadi hiyo isimtishe msomaji, kwani sisi wenyewe tuna "piga". Tunapiga simu, pasi, picha, kura, mswaki, mbizi na magoti, na hakuna anayedhani kwamba kitu fulani kimechapwa, kwa sababu tumezoea kusubiri neno linalofuata kabla ya kuamua maana. "Run" nayo itendewe hivyo hivyo.

Anza kwa kumtazama mtenda. Akiwa na miguu, huenda kweli anakimbia. Akiwa ni maji au kitu cha majimaji, achana na mbio na utafute kitenzi cha kutiririka, kuchuruzika au kutoka: mto unatiririka, bomba linatoka maji, mtoto anatokwa na kamasi. Maana hii si nyongeza ya juzi, kwani katika Kiingereza cha kale neno hili lilihusu maji sawasawa na lilivyohusu miguu. Kijerumani, ambacho ni ndugu yake, kimegawa kazi hizo kwa vitenzi viwili: "rennen" ni kukimbia, na "rinnen" ni kutiririka. Kanga mpya ikifuliwa na rangi yake ikaingia kwenye shuka jeupe, Mwingereza atasema kwamba rangi imefanya "run". Sisi husema kanga inachuja.

Hata hapo kwenye maji pana mtego. "Running water" katika tangazo la nyumba ni maji ya bomba, yaani mpangaji hatalazimika kubeba ndoo. Maneno hayo hayo katika bango la kunawa mikono ni maji tiririka, istilahi ambayo wengi wetu tuliizoea wakati wa janga la UVIKO-19, na hapo hayana uhusiano wowote na bomba, kwa kuwa hata kopo lililotobolewa linatosha. Mfasiri aliyekariri tafsiri moja atamwahidi mpangaji maji tiririka, na mpangaji atadhani kuna kijito nyuma ya nyumba.

Baada ya mtenda, angalia kama kitenzi kina yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Kiingereza hakibadilishi umbo la neno katika hali hii, lakini Kiswahili hulazimika kubadilisha, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. "The factory runs at night" ni kiwanda kinafanya kazi usiku. "She runs the factory" ni anaendesha kiwanda, kwa kauli ya kutendesha, kwa sababu sasa kuna anayekifanya kiende. Hali kadhalika programu ya kompyuta: ikiwa peke yake inafanya kazi, mtu akiishughulikia anaiendesha. Niliwahi kusoma maelekezo ya kifaa kimoja yaliyosema kwamba "programu inakimbia", nikajiuliza inamkimbia nani. Gari linalofanya "run" kwa dizeli linatumia dizeli, na gazeti linalofanya "run" habari linaichapisha.

Kisha soma kijineno kinachofuata, maana mara nyingi chenyewe ndicho kilichobeba maana. Kile ambacho Kiingereza hufanya kwa kuongeza neno dogo baada ya kitenzi, Kiswahili mara nyingi hukifanya kwa kunyambua: "run to" ni kukimbilia, "run after" ni kukimbiza. Lakini unyambulishaji haufiki mbali. "Run out" ni kuisha kwa upande wa sukari na kuishiwa kwa upande wa mwenye nyumba. "Run over" ni kugonga au kukanyaga kwa gari. "Run away" ni kutoroka. "Three days running" haina mwendo wowote, ni siku tatu mfululizo.

Siasa ina mkondo wake. Anayetaka ubunge Marekani hufanya "run", Uingereza husemwa kwamba "anasimama", na magazeti ya Kiingereza ya Kenya hupenda zaidi "vie". Kwetu wote hao wanagombea au wanawania. "Running mate" ni msemo uliotoka kwenye mashindano ya farasi, na Kiswahili kimefanya busara kutoufuata huko: tunasema mgombea mwenza.

Mengine yanahitaji tu kufahamika. "Run a temperature" ni kuwa na homa, "run late" ni kuchelewa, "in the long run" ni hatimaye au baada ya muda mrefu, na kitu kinachofanya "run in the family" ni cha ukoo. Ukishaandika tafsiri, isome kwa sauti na ujiulize kama bibi yako asiyejua Kiingereza angeitamka hivyo.

Jaribu sentensi hii: "The man who runs the clinic ran into my brother, who is running for Parliament and has run out of money." Mtu anayeendesha zahanati, ndugu yangu anayegombea ubunge, fedha zilizomwishia: hayo yametatuliwa kwa hatua tulizozitaja. Kilichobaki ni "ran into", ambayo yaweza kuwa walikutana kwa bahati au mmoja alimgonga mwenzake kwa gari, na sentensi yenyewe haisemi. Hapo usikisie, soma sentensi inayofuata, na ikiwa ndugu huyo amelazwa katika zahanati ya bwana huyo, andika "alimgonga".