Kupanga muda wa rilei ili breka iliyo karibu na hitilafu itripu kwanza

Kabla ya kugusa rilei yoyote (kifaa kinachohisi mkondo wa hitilafu na kuiamuru breka itripu, yaani ikate umeme), hakikisha mchoro wa mtandao unalingana na kilichopo uwanjani. Kokotoa mkondo mkubwa kabisa wa hitilafu kwenye kila basba, yaani nondo zinazounganisha njia kadhaa kituoni (mitambo yote ikiwa kazini, transfoma zikiwa sambamba), kisha ule mdogo kabisa.

Anzia mwisho wa fida (njia inayopeleka umeme kwa watumiaji), urudi nyuma kuelekea chanzo. Kiwango cha kuamsha rilei kizidi mzigo mkubwa wa njia, lakini kisifikie hitilafu ndogo kabisa, la sivyo rilei itailalia. Kwa mkunjo wa kawaida wa IEC (shirika la kimataifa la viwango vya umeme), t ni muda wa kutripu kwa sekunde, I ni mkondo wa hitilafu, Is ni kiwango cha kuamsha na K ni kizidishi cha muda:

t = K × 0.14 ÷ [(I/Is)^0.02 − 1]

Tuseme rilei B ya chini, iliyo karibu na hitilafu, ina Is ya 200 A na K ya 0.1. Hitilafu ya 2,000 A inaifanya itripu kwa sekunde 0.30. Rilei A ya juu, iliyo upande wa chanzo, ina Is ya 400 A. Ukiipa K ya 0.14 itasubiri sekunde 0.60. Pengo la 0.3 linatosha kwa rilei za kidijitali: humo mna muda wa breka kufunguka, makosa ya rilei na ya transfoma za mkondo (zinazoipimia rilei mkondo), na akiba kidogo. Rilei za zamani za kisahani zipe 0.4, kwa kuwa kisahani huendelea kuzunguka hata mkondo ukishakatwa.

Hapa ndipo wengi huumia. Transfoma ya pili ikiwashwa na hitilafu ikafika 4,000 A, B inatripu kwa 0.23 na A kwa 0.42. Pengo limebaki 0.19, na breka zote mbili zinaweza kuanguka pamoja. Ndiyo maana pengo hupimwa kwa mkondo mkubwa kuliko yote unaopita kwenye rilei zote mbili.

Kwenye mtandao wa pete, ambamo njia huzunguka na kurudi zilikoanzia, weka rilei za mwelekeo (zinazotripu kwa mkondo wa upande mmoja tu) kila ncha ya njia, uzipange jozi kwa jozi, ukirudia mzunguko hadi K zisibadilike tena. Pete zikiwa nyingi, mwachie kompyuta: Is zikishawekwa, muda unakwenda sawia na K, hivyo programu ya mstari (mbinu ya hesabu ya kutafuta thamani ndogo kabisa chini ya masharti) inapata jumla ndogo ya muda bila kuvunja pengo lolote. Ingiza masharti ya kila hali ya mtandao, ikiwemo njia moja kuzimwa. Jibu likikosekana, usipunguze pengo. Tenga kundi la pili la mipangilio, au weka ulinzi wa tofauti (unaolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka) kwenye njia fupi.