SOMO: Kwenda Ramoji Film City (Hyderabad, India) na kurudi na pasi yako mfukoni

Wakuu, habari za majukumu. Wiki hii nimejibu swali hili mara sita: wanafunzi wapya wanne, na ndugu wawili walioleta wagonjwa hospitali. Wote ni lilelile, "Kule kwenye mji wa sinema tunafikaje, na tukifika tunaanzia wapi?" Naandika mara moja. Kuanzia leo anayeniuliza namtumia uzi huu, basi.

Kwanza tuelewane tunakwenda wapi. Ramoji Film City ni mahali pa kutengenezea filamu, ekari 1,666, na Guinness wanapatambua kuwa ndipo pakubwa kuliko pote duniani kwa kazi hiyo. Palifunguliwa 1996 na Ramoji Rao, yule mwenye gazeti la Eenadu, aliyefariki Juni 2024. Filamu bado zinapigwa humo, kwa hiyo usishangae kukuta kona imezungushiwa kamba. Bembea na mashine za kuzungusha watu zipo, ila ni za pembeni. Kama kiu yako ni kugeuzwa kichwa chini miguu juu, nenda Wonderla, upande wa Raviryal, usije ukanilaumu mimi.

Hatua ya 1: Siku. Novemba hadi Februari. Aprili na Mei joto linagonga nyuzi 40 na sehemu kubwa ya matembezi ni juani. Jumapili na sikukuu zao achana nazo.

Hatua ya 2: Tiketi. Kwenye tovuti yao wenyewe, au dirishani palepale langoni. Bei siandiki, zinabadilika kwa msimu na nikiziandika leo mtanitukana mwezi ujao. Kadi ya benki ya nyumbani mara nyingi inagoma kwenye tovuti za huku, hivyo tafuta mwanafunzi mwenye akaunti ya hapa akulipie, umrudishie taslimu. Malipo yao ya simu, UPI, ni kama M-Pesa, lakini mtu wa viza ya matibabu asiyategemee. Beba rupia, noti ndogondogo.

Hatua ya 3: Usafiri. Metro laini nyekundu mpaka kituo cha mwisho, LB Nagar. Ukishuka, barabara ya kwenda Vijayawada iko hapo. Panda basi la serikali, teksi ya kuita kwa simu, au bajaji. Ni kilomita 20 na ushei. Bajaji patana kabla hujakaa. Ukishakaa umenunua.

Hatua ya 4: Langoni. Mifuko inakaguliwa. Chapati zako ziache nyumbani, ndani kuna migahawa. Dawa za mgonjwa ziende na karatasi ya daktari. Ukishapita unapanda basi la kukuingiza ndani, maana kutoka lango la barabarani hadi penyewe si mwendo wa miguu.

Hatua ya 5: Basi jekundu la ziara. HAPA TULIENI.

Mabasi haya ni mekundu, ya mtindo wa kizamani, yana mwongozaji mwenye kipaza sauti. Yanakupitisha kwenye mitaa ya uongo: nyumba za Ulaya zenye uso tu, nyuma hakuna kitu, stesheni ya treni inayobadilishwa kibao ikawa mji wowote anaoutaka mwongozaji wa filamu, uwanja wa ndege wenye ndege isiyoruka. Kuna sehemu mnashushwa mtembee, mpige picha, kisha mnapanda tena. Rudia sentensi hii ukiwa umesimama: BASI UNALOSHUKA SILO UTAKALOPANDA. Ukimaliza kupiga picha unapanda lolote linalokuja, na lile lako limeshakwenda na watu wengine. Mimi sikulijua hilo. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na binamu zangu wawili. Tukashuka kwenye majengo ya filamu ya Baahubali, mimi mkoba nikauacha kwenye kiti kwa sababu, nilijiambia, narudi dakika kumi hizi. Ndani ya mkoba: pasi, kibali cha ukaazi, chaja, na embe. Tukatoka, pale barabarani kuna mabasi matatu, yote mekundu, yote sawasawa kama mayai. Nikaingia la kwanza, si lenyewe. La pili, si lenyewe. Dereva wa tatu anaongea Kitelugu, mimi Kihindi changu cha sokoni, tukaishia kuonyeshana vidole. Ubalozi wetu uko New Delhi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Nilizihesabu zote moja moja kichwani. Mkoba nilikabidhiwa jioni, wale wafanyakazi walinitafutia kwa moyo mkunjufu sana. Embe lilikuwemo. Ila saa tatu nzima zilikwenda, na maonyesho yote niliyoyalipia niliyasikia kwa mbali kama harusi ya jirani.

Kwa hiyo: (a) mkoba mgongoni, hata kama unashuka kukojoa tu, (b) pasi halisi iwe mfukoni kwenye zipu, kivuli cha pasi kwenye simu, (c) piga picha namba ya basi kila unapopanda, (d) kama mko wengi, kubalianeni mapema kituo cha kukutania, mtandao humo ndani una mahali unazimia, (e) ziara hii ifanyeni ASUBUHI, kabla ya kitu kingine chochote. Wengi wakifika wanakimbilia michezo ya watoto, saa nane mchana wanakumbuka mabasi, wanakuta foleni imejikunja kama chatu, kisha wanazungushwa mbiombio wakichungulia dirishani.

Hatua ya 6: Movie Magic. Kwangu mimi hapa ndipo pesa inaporudi. Wanachagua watu kutoka kwenye watazamaji wakaigize kile kipande cha Basanti, mwendesha gari la farasi, akikimbizwa na majambazi, cha filamu ya Sholay (1975). Gari la farasi lipo, farasi hayupo. Wengine wanalitikisa, wewe unapiga mjeledi hewani. Chumba kinachofuata wanatia sauti. Chumba cha mwisho unajiona kwenye pazia ukikimbizwa porini kweli kweli.

Mwaka jana nilimpeleka mama yangu mkubwa, aliyekuja kufanyiwa macho. Huyu mama aliiona filamu hiyo Dar, ukumbi wa Avalon, akiwa msichana, na anaijua mpaka kikohozi. Mwongozaji alipouliza nani atakuwa Basanti, bibi wa watu akasimama na kanga yake kabla sijamshika mkono. Alipopanda akamwita yule farasi asiyekuwepo kwa jina lake, Dhanno, kwa sauti ya mtu anayefukuza mbuzi shambani. Ukumbi mzima wa Wahindi ukanyanyuka. Watu walipanga foleni kupiga naye picha. Mimi nikawa mbeba mkoba.

Hatua ya 7: Yaliyobaki. Chukua ramani yenye saa za maonyesho, panga mwenyewe. Ile ya kupigana ya Wild West itazame. Fundustan ni ya watoto. Bustani za ndege na vipepeo, ukichoka ruka.

Hatua ya 8: Kurudi. Jioni watu wote wanatoka mara moja, teksi za simu zinaadimika na bei inapaa. Toka nusu saa kabla ya umati, au weka miadi na dereva aliyekuleta.

Maswali karibuni. Mkishasoma.

---

Kipepe_Mwanza: Mkuu kiingilio shilingi ngapi?

Mleta mada: Hatua ya 2.

Kipepe_Mwanza: Nimeona, ila makadirio tu.

Mleta mada: Tovuti yao ina makadirio mazuri kuliko yangu, inaitwa bei.

Chausiku77: Kaka, shukrani kwa somo. Mimi niko na mzee wangu, kafanyiwa upasuaji wa goti wiki tatu sasa. Daktari kasema atembee kidogo kidogo. Ataweza?

Mleta mada: Pole sana dada, na mzee apone haraka. Siku nzima hapana. Ngazi za mabasi zina kimo, mama mkubwa alikuwa anasaidiwa kupanda na goti lake ni zima. Fanya hivi: piga simu kwao siku moja kabla uulize habari ya kiti cha magurudumu. Ziara ya basi mzee aifanye akiwa amekaa, vituo vingine asishuke. Halafu Movie Magic, chakula, nyumbani. Saa nane mchana muwe mnatoka. Na muulize daktari wake kwanza, usimwambie "mtu wa mtandaoni karuhusu".

Chausiku77: Nimecheka. Asante, Mungu akuzidishie.

Fundi Redio: Swali la kiufundi. Umesema chumba cha pili "wanatia sauti". Sauti za nini, si tayari mlishapiga kelele wakati wa kuigiza?

Mleta mada: Fundi, hili swali nilikuwa nalisubiri. Kelele za pale zote ni takataka: watu wanacheka, gari linalia kama kitanda kibovu. Picha inachukuliwa, sauti inatengenezwa upya. Na hivi ndivyo filamu nyingi zinavyofanywa, si hapa tu. Kwato za farasi zinapigwa kwa vifuu vya nazi, vile vyetu vya kukunia, unavigonga juu ya mchanga au mbao kutegemea farasi anakimbia wapi. Radi ni bati kubwa jembamba, unalishika pembeni unalitingisha. Ngumi ya shavuni inaweza kuwa nyama au mboga inayochapwa. Mpigaji anatazama picha huku anapiga. Akichelewa kidogo tu, mtazamaji anahisi kuna kitu kimekaa kombo hata kama hajui ni nini. Ndiyo maana wale wa kujitolea wanachekesha, farasi anasimama na kwato bado zinakimbia.

Fundi Redio: Na lile pori mlilokuwa mnakimbizwa?

Mleta mada: Nyuma ya gari kuna kitambaa cha rangi moja iliyokolea. Kompyuta inaambiwa popote pakiwa na rangi hii, paondoe, uweke pori lililopigwa siku nyingine. Rangi inayochaguliwa ni ya kijani au buluu kwa sababu iko mbali na rangi za ngozi za watu, zetu sote. Ukivaa shati la rangi ileile ya kitambaa unabaki kichwa na mikono. Ukienda na vijana wako, waambie wavae kijani uwaone.

Fundi Redio: Ubarikiwe. Vifuu nitavijaribu leo hii, nyumbani vipo viwili.

Dogo_Janja_wa_Temeke: mimi niliendaga bila kusoma huu uzi nikafika saa 3 kama mlivyosema lango limefungwa kabisaa, mnatudanganya

Mleta mada: Ulifika saa 3 ya wapi?

Dogo_Janja_wa_Temeke: saa 3 ya kwenye simu, usiku kidogo

Mleta mada: Kijana. Sikuandika saa ya kufungua popote, lakini ngoja niiandike kwa ajili yako. Saa 3 asubuhi ya kwetu, simu inaandika 9:00. Wanafunga saa 11 na nusu jioni, simu inaandika 17:30. Ulipita kilomita 20 gizani bila kujiuliza kwa nini uko peke yako barabarani?

Dogo_Janja_wa_Temeke: bajaji alikuwa anacheka njia nzima sikujua anacheka nini

Salma wa Tolichowki: Jamani nimekufa! Kaka usimwonee. Mimi nauliza pembeni kidogo: huyo mama mkubwa wa Basanti alikuwa anakula nini huku? Mama yangu anakuja Januari na wali wa viungo hautaki hata kuusikia.

Mleta mada: Ugali, dada yangu, kila siku ya Mungu. Maduka ya vyakula makubwa ulizia "makki ka atta", ndiyo unga wa mahindi. Ni wa njano. Mama mkubwa alipouona alisema, "Huu si ndio unga wa Yanga?" akanisimulia foleni za unga wa njano za wakati ule wa uhaba mpaka ugali ukaungua.

Chausiku77: Huo unga wakati mwingine ni laini mno, ugali unanata kama gundi. Changanya na semolina kidogo, wao wanaita rava, utashika vizuri.

Salma wa Tolichowki: Asante sana, hiyo ya rava sikuijua. Na mboga?

Chausiku77: Mchicha upo kila genge.

Kipepe_Mwanza: Tukirudi kwenye mada. Mimi na mwenzangu tunataka kwenda Jumamosi hii, hatujui Kihindi wala Kitelugu. Kuna wa kuungana naye?

Mleta mada: Hapo sasa umeuliza. Jumamosi nampeleka mgeni wa rafiki yangu, teksi ina nafasi mbili. LB Nagar, chini ya ngazi za metro, saa 1 asubuhi. Simu inaandika 7:00. Mikoba mgongoni. Saa 1 na robo tunaondoka na waliopo.

Dogo_Janja_wa_Temeke: hakuna nafasi ya tatu?

Mleta mada: Kaa mbele na dereva. Na uvae kijani.