Mwimbaji anayetaka kuigiza filamu nzito aanze kwa kusikiliza

Mwimbaji aliyezoea kushangiliwa anapoamua kuigiza filamu nzito, yaani ile isiyo na wimbo wa kumwokoa wala kichekesho cha kumfichia, huingia na mzigo ambao mwigizaji mchanga hana, kwa kuwa watazamaji wanamjua tayari na wamekwisha kuamua yeye ni nani. Cher, mwimbaji wa Marekani, amewahi kusimulia kwamba alikwenda kwenye jumba la sinema kuona tangazo la filamu ya Silkwood ya mwaka 1983, na jina lake lilipotokea, watu wakacheka. Filamu yenyewe walikuwa hawajaiona. Kilichowachekesha ni jina tu. Kwa kazi hiyo hiyo aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na mwaka 1988 akaitwaa kwa filamu nyingine. Maelekezo haya ni ya mwimbaji wetu, awe wa Bongo Fleva, taarab au injili, ambaye amepigiwa simu na mwongozaji wa filamu na hajui aanzie wapi.

Jambo la kwanza ni kuchagua nafasi, na hapa ndipo wengi hukosea hata kabla kamera haijawashwa. Nafasi inayotolewa kwanza kwa mwimbaji maarufu huwa ni ya mwimbaji anayeutafuta umaarufu, na huonekana rahisi kwa sababu inafanana na maisha yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, maana mtazamaji hana namna ya kumtenganisha mhusika na mtu anayemwona kwenye mabango kila siku. Mariah Carey alipita njia hiyo mwaka 2001 katika Glitter, hadithi ya msichana anayepanda ngazi za muziki, akaishia kupewa tuzo ya dhihaka ya mwigizaji mbaya zaidi wa mwaka. Miaka 8 baadaye alionekana katika Precious, filamu ya Lee Daniels, akiwa ofisa wa ustawi wa jamii mjini New York, mwanamke mchovu aliyeketi nyuma ya meza, asiyeimba hata neno moja. Nafasi ilikuwa ndogo, lakini waliokuwa wakimcheka walinyamaza.

Kwa hiyo omba nafasi ya pembeni yenye matukio machache yenye uzito, hata kama malipo yake yanashusha hadhi yako. Frank Sinatra, ambaye wakati huo soko lake lilikuwa limeporomoka na kampuni ya rekodi imekwisha kumwacha, aliililia nafasi ya askari Maggio katika filamu ya mwaka 1953 kwa malipo yanayotajwa kuwa dola 8,000, kiasi kidogo mno kwa mtu wa jina lake. Mwaka uliofuata akachukua Oscar ya mwigizaji msaidizi. Huku kwetu, Siti Amina wa kundi la Siti and the Band la Zanzibar aliigiza rafiki wa Yasmin, mhusika mkuu, katika Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, na hadithi haikulazimika kumzunguka yeye.

Ukishaipata nafasi, kazi kubwa ni kusikiliza, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji kwa sababu hili ndilo kiini cha yote. Mwimbaji amefunzwa kusikika: anapofungua mdomo, ukumbi mzima unatulia. Kwenye filamu nzito sehemu kubwa ya kazi yako ni kukaa kimya wakati mwenzako anasema, huku kamera ikiwa usoni pako. Katika Precious kuna tukio ambalo mama wa Precious, binti ambaye ndiye mhusika mkuu, mama huyo akiigizwa na Mo'Nique, anaeleza kwa nini aliyaacha maovu yatendeke nyumbani kwake. Mo'Nique ndiye anayezungumza, naye ndiye aliyeshinda Oscar kwa kazi hiyo. Carey ameketi mbele yake, anauliza maneno machache, na chozi linapomtoka analifuta upesi, kama mtumishi wa ofisi asiyetaka mteja alione. Mwimbaji wa jukwaani angeliacha chozi lishuke hadi kidevuni ili ukumbi ulione. Kufuta lile chozi ndiko kuigiza.

Zoezi lake halihitaji chuo. Weka simu juu ya kabati, usawa wa uso wako, uanze kurekodi, kisha mwombe shangazi au mjomba wako akusimulie habari ya msiba au ugomvi wa shamba ambayo hujawahi kuisikia. Wewe usiseme zaidi ya maneno matano. Baadaye itazame rekodi hiyo bila sauti. Utajiona pale unapotikisa kichwa bila sababu, pale unaponyoosha shingo upate sura nzuri, na pale ulipoacha kusikiliza ukaanza kujipanga jinsi ya kuonekana una huzuni. Rudia kwa habari nyingine, na msimuliaji mwingine, hadi mambo hayo yapungue.

Macho nayo yana tabia ya kuachishwa. Video za muziki zimekufundisha kuitazama lenzi moja kwa moja na kuibembeleza, huku ukifuata pleibeki, yaani wimbo uliokwisha rekodiwa. Katika filamu ya kawaida ukiitazama lenzi hata mara moja, kipande kile kinaweza kutupwa. Mchague mwenzako kwenye tukio, litazame jicho lake moja lililo karibu na kamera, ubaki hapo. Sauti pia ipunguze: kinasa sauti kiko karibu na kichwa chako au kimefichwa ndani ya nguo, na hakuna haja ya kumfikia mtu wa viti vya nyuma. Pumzi yako na hisia yako ya mapigo ni mtaji ambao waigizaji wengi wangetamani kuwa nao. Vitumie kujua wapi sentensi inakatika, bila kuifanya iwe beti.

Kuhusu sura, maelezo ni mafupi ingawa utekelezaji unauma. Mary J. Blige alipoigiza Florence, mama wa familia ya wakulima wa Mississippi wa miaka ya 1940, katika Mudbound ya mwaka 2017, mwongozaji Dee Rees hakuruhusu wigi, kucha wala kope za bandia, na matokeo yake ni kwamba mwaka 2018 aliteuliwa kuwania Oscar kwa uigizaji na kwa wimbo wa filamu hiyo hiyo. Wapambe nao waache nyumbani. Mtu anayekukimbilia na kioo kila kamera inapozimwa anamrudisha mhusika wako kuwa staa, na wenzako kwenye seti wanaliona hilo kabla yako.

Kitu kinachowashangaza waimbaji wengi ni marudio. Jukwaani unasifiwa kwa kubadilisha wimbo kila usiku. Kwenye seti ukinyanyua kikombe kwa mkono wa kulia ukisema neno fulani, utakinyanyua hivyo hivyo kila mara tukio litakaporudiwa kutoka pembe nyingine, la sivyo mhariri hataweza kuunganisha vipande. Tena matukio hayapigwi kwa mpangilio wa hadithi: unaweza kumzika mumeo asubuhi na kuolewa naye jioni. Mazoezi ya jukwaa la tamthilia husaidia sana kukomaza subira hiyo, na haikuwa bahati tu kwamba Cher alipitia jukwaa la Broadway mwaka 1982 kabla ya Silkwood.

Mwisho ni mkataba, usomwe na mwanasheria na si meneja wa muziki peke yake, maana maslahi ya meneja huyo yako kwenye nyimbo. Elvis Presley aliigiza filamu 31 za hadithi, naye alitamani zile nzito. Flaming Star ya mwaka 1960 ilimpa nyimbo chache tu na nafasi ya kuigiza kwelikweli. Lakini filamu zake za nyimbo nyingi, kama Blue Hawaii ya mwaka 1961, ziliingiza fedha zaidi na kuuza santuri, na tangu hapo akawa anaandikiwa za namna hiyo. Kwa hiyo dai iandikwe wazi kwamba mhusika wako haimbi, kwamba wimbo wa matangazo, ukiwapo, una mkataba wake pekee, na kwamba sura yako haitakuzwa kwenye bango kuliko ya mwigizaji mkuu. Mtayarishaji akikataa kipengele hicho cha tatu, muulize kabla ya kutia saini kama alikuwa akitafuta mwigizaji au mashabiki wako.