Kabla hujapanda majabali ya Dodoma

Kofia ngumu, viatu vinavyoshika, maji ya kutosha: hayo unayajua. Kamba ya manila ya kufungia mizigo kwenye fuso iache nyumbani. Haivutiki, kwa hiyo ukidondoka mshtuko wote unaishia kiunoni. Kamba ya kupandia hunyumbuka ikakupokea.

Anza alfajiri. Saa saba mchana jiwe linachoma viganja.

Gonga kila jiwe kabla ya kulining'inia. Majabali yetu humenyuka maganda kama kitunguu, na ganda lililoachia hulia kama mtungi mtupu. Rafiki yangu hakugonga. Ilikuwa saa kumi jioni, kilima kimoja njia ya Kondoa. Ganda lilitoka naye, akaanguka kimo cha mlango tu, akafikia makalio. Alikuwa anaongea, hata anatutania. Sisi kwa ushujaa wetu tukambeba, huyu kwapani, yule miguuni, tukashuka naye kwenye miiba mpaka barabarani. Gari hatukuwa nalo. Tukampakia bodaboda, mshikaki, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Kila tuta alikuwa anaguna. Tulipokaribia mjini akaniuliza, taratibu kabisa, kama miguu yake bado iko kwenye pikipiki.

Pingili ya mgongo ilikuwa imevunjika. Daktari hakutulaumu, aliuliza tu nani alimbeba, na hakuna aliyejibu. Leo anatembelea magongo, na sijui ni jiwe au ni sisi.

Kwa hiyo panga kushuka kabla ya kupanda. Awepo mwenye gari ambalo mtu analala chali, na ubao mpana ndani yake. Hakikisha simu moja ina chaji na inashika mtandao pale pale mlimani. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Aliyeanguka akilalamikia mgongo au shingo, usimkalishe wala kumvua kofia. Mmoja amshikilie kichwa kisicheze, mwingine apige simu, wengine wamkinge jua. Kusubiri saa nzima kunachosha, lakini subirini.

Mengine ni ya kawaida. Aga nyumbani, taja kilima chenyewe. Usipande peke yako, wala umelewa. Chungulia nyufa, nyuki wanapapenda. Mvua ikianza, teremka. Na anayerekodi video asithubutu kukuambia urudie eti haikutoka vizuri.