Trimu ya injini ya boti ikigoma: sikiliza kwanza, spana baadaye

Kwenye mwambao wa Mwanza trimu, yaani mfumo wa kuinua na kushusha injini kwa kitufe, si anasa. Ukiingia ufukweni Igombe au ukipenya kati ya mawe, pangaboi lazima iinuke kabla haijagonga, na magugu maji yakijisokota kwenye shafti utahitaji kuinua injini ukiwa bado majini. Kitufe kikigoma, wengi hukimbilia kununua pampu nzima kwa bei ya kuumiza, wakati kosa liko kwenye waya, rilei (swichi inayowashwa na umeme) au oili.

Mfumo wenyewe ni mdogo: mota ya umeme ya volti 12 inayozunguka pande mbili, pampu, kikopo cha oili na jeki zinazosukuma injini. Rilei mbili ndizo huipelekea mota umeme, moja ya kupanda na moja ya kushuka.

Usiingize mkono chini ya injini iliyoinuliwa kabla ya kuweka kile kizuizi chake cha chuma, halafu ifunge na kamba nene. Tenki la petroli liweke mbali na uache kava wazi mvuke utoke, maana kupima umeme hutoa cheche.

Sasa bonyeza kitufe, mwenzako ainame karibu na injini asikilize.

Kimya kabisa, hata "tik" hakuna: umeme haufiki kwenye rilei. Pima betri, iliyojaa husoma karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12.2 ichaji kwanza. Angalia fyuzi (injini nyingi hutumia ya ampea 20), kisha jaribu kitufe cha pili kilicho kwenye kava la injini. Kile kikifanya kazi na cha mkono wa gia kikagoma, ubaya uko kwenye swichi ya mkononi au waya wake unaokunjwa kila siku.

Rilei inalia "tik" lakini mota haizunguki: hapa ndipo watu hupotea. Mota nyingi zina waya mbili nene, wa bluu wa kupanda na wa kijani wa kushuka. Kitufe kikiwa hakijaguswa, zote mbili zimeungwa na hasi kupitia rilei. Ukibonyeza kupanda, bluu hupata chanya, kijani hubaki kwenye hasi. Kwa hiyo weka waya mweusi wa mita ya kupimia volti kwenye hasi ya betri, bonyeza kupanda, upime zote. Bluu ikisoma volti 12 na kijani karibu sifuri, umeme umefika na mota ndiyo mbovu: brashi zimeisha au maji yameingia ndani. Zote zikisoma 12, hasi imekatika kwenye rilei ya kushuka. Naam, rilei ya kushuka inaweza kuzuia injini isipande. Bluu ikisoma 9 wakati betri inasoma 11.5, volti zilizopotea zimekwama kwenye viungo vyenye kutu. Vifungue, vipige msasa, vikaze. Ziwa letu ni la maji yasiyo na chumvi, lakini kutu ya shaba huja vilevile.

Kama injini hupanda tu au hushuka tu, badilishana rilei zikiwa za aina moja. Kosa likihamia upande wa pili, umempata mwizi.

Njia fupi ya kuithibitisha mota ni kuchomoa plagi yake na kuipa umeme wa betri moja kwa moja: chanya kwenye bluu, hasi kwenye kijani, kisha kinyume chake. Fanya hivyo kwa mota ya waya mbili tu; zipo za zamani zenye waya tatu, nazo huunganishwa tofauti.

Mota inazunguka kwa sauti nyembamba na injini haiinuki: achana na umeme. Tafuta skrubu ya kuachia presha ya oili ubavuni mwa mabano yanayoshika injini; ikiwa wazi, injini huinuliwa au kushushwa kwa mkono. Mara nyingi mtu aliifungua ili ashushe injini, akasahau kuikaza. Ikaze kwa bisibisi pana bila kuipiga nguvu. Ikiwa imefungwa vizuri, angalia oili. Inua injini hadi juu kabisa (kwa mkono, skrubu ikiwa wazi, watu wawili au zaidi), weka kizuizi, rudisha skrubu, ndipo ufungue kifuniko cha kikopo. Usikifungue injini ikiwa chini, kwani oili inaweza kuruka kwa presha. Kiwango sahihi ni usawa wa mdomo wa tundu.

Yamaha hutumia oili ya giaboksi ya otomatiki aina ya Dexron II, ile nyekundu ya maduka ya spea za magari. Kwa injini nyingine fuata kitabu chake. Oili ya breki usiiweke hata tone: huvimbisha oringi (pete za mpira zinazozuia oili) na kuziua. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Imwage yote, badilisha sili, jaza mpya. Kisha funga kifuniko, ondoa kizuizi, pandisha na ushushe mara nne au tano kutoa hewa, acha itulie dakika tano, inua tena hadi juu, weka kizuizi, ujazie.

Injini inapanda vizuri lakini asubuhi unaikuta imeshuka: mahali fulani oili inapita. Anza na oringi za ile skrubu, ndizo rahisi kubadilisha. Halafu futa fito za jeki uzipapase kwa kidole. Mkwaruzo wa mchanga hukata sili, na fimbo yenye oili mbichi inaonyesha inavuja wapi. Zikiwa kavu na injini bado inashuka, kinachovuja ni vali za ndani ya pampu au oringi za pistoni, na hapo mpelekee fundi mwenye meza safi, kwa sababu chembe moja ya mchanga kwenye vali inatosha kurudisha ugonjwa uleule.