Kabla hujasaini makaratasi ya kaboni, anza na visiki vya shambani kwako

Watu wengi sa hivi wananiuliza hii kilimo cha kaboni inaanzaje, yaani unakuza miti inayovuta hewa ukaa (ndo yenye kaboni) na mnunuzi anakulipa kwa hilo, na karibu wote swali la kwanza ni hela, ekari moja wanalipa shingapi. Mi naomba tuanze chini kwenye ardhi. Kaboni ikishaingia kwenye mti na kwenye udongo ndo hiyo hiyo mboji, kivuli, kuni na unyevu, na hivyo utavitumia hata kama mnunuzi hajawahi kukanyaga kijijini kwenu.

Huku Dodoma mvua yetu ni kama milimita 500 mpaka 600 kwa mwaka, inaanza Desemba inaisha Aprili, na hapo katikati inaweza kukata wiki mbili tatu mtama ukajikunja wote. Sasa mche wa kununua utaumwagilia maji gani? Ndo maana nawaambia watu kisiki hai kwanza. Mti uliokatwa miaka ile mizizi yake bado iko hai kule chini, we kila msimu unafyeka machipukizi ukidhani ni kichaka tu kinakusumbua.

Ingia shambani kiangazi, kabla hujaanza kuandaa shamba. Utakuta kisiki kimoja cha mgunga kina machipukizi 15 au 20 yamesongamana. Chagua matatu mpaka matano, yaliyonyooka, yenye afya, yanayotokea chini karibu na ardhi, mengine yote yakate kwa panga kali, na ukate kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Yale uliyobakiza pogolea matawi ya pembeni mpaka nusu ya urefu, usizidishe hapo, majani ndo yanayoulisha mti. Alafu funga kitambaa cha rangi. Mi nilichana kanga kuukuu ya mama, nyekundu, kila kisiki kikapata kipande chake. Usidharau hicho kitambaa jamani, mwaka wa kwanza upande wa bondeni sikufunga, kibarua akaja akafyeka vyote asubuhi moja tu, na kosa halikuwa lake, hakuna aliyemwambia.

Matawi uliyokata usichome. Manene ni kuni, mama haendi tena mbali kubeba mzigo kichwani, membamba yatandaze chini yafunike udongo. Rudi baada ya miezi mitatu minne upogolee tena maana yanachipua upya.

Shamba likiwa na mteremko ongeza makinga maji. Pima kontua, yaani mistari inayokata mteremko kwa usawa mmoja, kwa fremu A, ni miti mitatu, kamba na jiwe tu, chimba mtaro kufuata hiyo mistari, udongo utupe upande wa juu (ndo maana wanaita fanya juu) na panda majani ya malisho juu ya tuta. Kuchimba ni kazi nzito sikufichi, chimbeni kwa zamu na majirani. Ila mvua ya kwanza ikipiga utaona maji yamesimama mtaroni badala ya kukimbia na udongo wako.

Kwenye mifugo ndo pagumu. Wazee wa Kondoa wanaikumbuka HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyokuwa yamekatika makorongo, uoto ulirudi kweli lakini wafugaji waliumia. Kwa hiyo kaeni na wachungaji mapema, mkubaliane njia za ng'ombe na miezi ya kulisha mabua, kisha mkutano wa kijiji upitishe sheria ndogo. Na wao wana faida humo, mgunga ukikua unaangusha matunda kiangazi na mbuzi wanayapenda mno. Mizinga ya nyuki nayo utatundika.

Sasa hela. Krediti moja ni tani moja ya hewa ukaa, na kwa mradi wa kukuza miti kama huu wanalipia ongezeko, sio miti iliyokuwepo toka zamani. Kupima na kukagua ni gharama, mwenye ekari tatu peke yake hawezi, lazima kikundi au kijiji kizima. Nchi ina kanuni za biashara ya kaboni toka 2022 na kituo cha taifa cha kaboni kipo SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kwa hiyo mtu akija na mradi mwambieni aoneshe usajili wake. Kwetu walikuja jamaa na mkataba wa Kiingereza wanataka saini siku hiyo hiyo, tukakataa. Dai nakala ya Kiswahili, uliza ni miaka mingapi (mingine inavuka 20, maana yake unamfunga na mwanao), nani analipa gharama za vipimo, asilimia ngapi inabaki kijijini, naruhusiwa kukata kuni na fito, na ukame au moto ukiua miti inakuwaje. Hati miliki ya kimila fuatilia mapema.

Na leo hii, kabla hujashika panga, piga picha shamba lilivyo, hesabu visiki, andika kwenye daftari tarehe na aina ya mti. Siku ukiulizwa ulianzia wapi utafungua ukurasa. Daftari langu linaanza na visiki 64, nane vimekufa, na nimeviandika pia.