Matundu mfupani: mfikirie tegu wa mbwa kabla ya kuchoma sindano

Eksirei ikionyesha matundu mfupani, wengi wetu hukimbilia kifua kikuu au saratani. Ni haki, hayo ndiyo tunayokutana nayo. Ila mimi, kama mpasuaji wa mifupa, sigusi sindano ya biopsi (ya kuchukua kipande cha mfupa kwa uchunguzi) kabla ya kumuuliza mgonjwa kama amewahi kuishi palipo na mbwa na kondoo, maana huko ndiko huambukizwa tegu wa mbwa (Echinococcus), mnyoo anayeota vifuko vya maji mwilini mwa mtu. Usiishie mwaka huu, rudi naye hadi utotoni. Aliyemeza mayai ya tegu huyu anaweza kukaa miaka mingi bila maumivu yoyote, hadi siku mfupa unapovunjika kwa kujikwaa tu au miguu inapoanza kufa ganzi.

Mifupa hushikwa kwa nadra, asilimia 0.5 hadi 4 ya wagonjwa wa tegu huyu, na karibu nusu yao ni uti wa mgongo. Kwenye ini, mwili hujenga ukuta kuzunguka kifuko. Mfupani ukuta huo haupo: vifuko vidogo vidogo hupenya vyumba vya uboho na kuula mfupa kwa ndani. Ndiyo maana eksirei huonyesha vijitundu vilivyopakana, bila mfupa mpya kuota pembeni. MRI (picha ya sumaku) itakuonyesha ugonjwa umefika wapi. Piga picha ya ini na mapafu pia. Kipimo cha kingamwili kikiwa hasi, usimwondoe tegu kwenye orodha. Mfupani hutudanganya mara nyingi.

Sindano naiogopa kwa sababu maji ya kifuko yakimwagika hupanda vifuko vipya na yanaweza kuleta mzio wa kuua. Ikibidi, ifanyie kwenye chumba cha upasuaji, adrenalini, dawa ya mzio huo, ikiwa mkononi. Ukikuta utando mweupe unaoteleza, kama ute wa yai lililochemshwa, upeleke maabara.

Tiba ni kuutoa mfupa ulioathirika kama unavyotoa saratani, pamoja na ukingo wa mfupa usio na ugonjwa. Kwenye uti wa mgongo hilo haliwezekani kirahisi, na hapo dawa hubeba mzigo mkubwa: albendazoli miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, imegawanywa mara mbili, imezwe na chakula chenye mafuta. Ianze kabla ya upasuaji, iendelee miezi baadaye. Pima ini na chembe nyeupe za damu kila mara, na hakikisha mgonjwa si mjamzito.

Kisha mfuatilie kwa miaka. Maumivu yakirudi palepale, hata baada ya miaka kumi, rudia MRI.